Taa Niliyompa Bibi Jirani

Nilimaliza darasa la saba nikiwa na ndoto moja: huku kwetu Mabamba kisibaki kibatari hata kimoja. Taa zangu nilizitengeneza kwa betri za simu zilizotupwa, vitaa vya tochi mbovu na makopo ya mafuta ya kujipaka. Kaka yangu alinicheka. "Fundi, hiyo ni taa au jicho la mgonjwa?" Nami nilicheka. Moyoni nilishafungua duka Kibondo mjini.

Bibi jirani yetu, aliyekuja kutoka Burundi akiwa msichana, ndiye aliyeniagiza taa kwa heshima, kama anayeongea na fundi wa kweli. Alikuwa anarudi ng'ambo ya mpaka kumuuguza dada yake.

"Mwananje," aliniita, yaani mwanangu kwa Kirundi, "dada yangu akiinuka usiku anaanguka. Nitengenezee inayowaka mpaka asubuhi."

"Bibi, hii itawaka mpaka jogoo akuombe uizime."

Alicheka hadi akafuta machozi.

Siku zote kioo cha sola nilikilaza kwenye mkeka, kando ya muhogo ulioanikwa, na betri nikaiweka kivulini kwa waya mrefu. Ila siku hiyo waya huo nilikuwa nimeufunga kwenye taa yangu mwenyewe, ile nzuri ya kuonyesha watu siku ya gulio. Nikaona uvivu kuufungua. Taa ya bibi nikaipandisha juu ya bati pamoja na kioo chake. Jua likaichaji, likaikaanga pia, kutwa nzima.

Jioni nilipoishusha, betri ilikuwa imetuna kama andazi. Nikabonyeza swichi. Ikawaka vizuri tu. Basi nikalifunga kopo, nikajiambia itakaa sawa ikipoa.

Asubuhi bibi alipita na mzigo wake. Taa yangu nzuri ilikuwa pale pale mezani, hatua mbili tu. Nikampa ile iliyotuna.

"Urakoze, mwananje," alinishukuru. Akaniwekea mkono kichwani, akaniombea kwa Mungu sala ndefu sana, na mimi nimeinama natazama miguu yake yenye vumbi.

Mwezi haukuisha, muuza ndizi mmoja anayevuka mpaka kwa baiskeli akanisimamisha njiani.

"Bibi yako anakusalimu. Ile taa ilizimika siku ya pili. Anasema labda kaiharibu yeye, aliiweka karibu na mafiga. Anaomba usimkasirikie."

"Na dada yake?"

"Yupo. Alianguka tena, sasa analala mlangoni ili asihangaike kuutafuta mlango gizani."

Nilitaka kusema ukweli. Ulifika hadi kwenye meno.

"Mwambie haina neno," nikasema.

Haina neno! Kana kwamba mimi ndiye wa kusamehe. Yule muuza ndizi akapanda baiskeli yake, akaanza kushuka mteremko taratibu, maana breki zilikuwa mbovu. Muda wa kumwita ulikuwepo, tena mwingi. Sikumwita.