Jovina Alipoulizwa Yeye ni Nani kwa Hope

Wifi yangu Jovina, dada wa mume wangu Revelian, ana duka la vitenge Segerea, na wateja wake wote humwita Mama Hope. Hope nilimzaa mimi. Jovina na mumewe Kornelio hawakujaliwa mtoto, na kwetu Bukoba si ajabu kaka kumpa dada yake mtoto amlee. Binti akaondoka kwangu Mwananyamala akiwa bado ananing'ang'ania kanga. Alipokuja likizo alikuwa anamwita shangazi yake mama, na mimi ananiita Mama Stanley kama majirani, kwa jina la mdogo wake.

Simsemi Jovina kwa ubaya. Alimsomesha mpaka chuo cha uhasibu, na Hope akiumwa, Jovina halali usingizi. Hicho ndicho kinachoniuma, kwamba sina kosa la kumshika nalo. Hope akija kwangu huja na zawadi, kama mgeni. Kwa Jovina anafunua sufuria bila kuuliza.

Mwaka huu Jovina akaenda kliniki moja Mbezi Beach wanakopandikiza mimba. Daktari akamwambia kizazi chake bado kizima, ila mayai yamekwisha. Akipata ya mwanamke kijana watajaribu, lakini iwe sasa hivi, maana presha imeshaanza kumwandama na mwakani hatamkubali tena. Hope akajitolea. Mimi niliambiwa na Revelian tukiwa mezani, na chakula kikanishinda. Binti nilishatoa. Sasa nitoe na mjukuu, naye aitwe wa Jovina?

Wazazi wa binti walitakiwa kufika, kwa hiyo nikaenda. Tulipokelewa sote watano, Hope akiwemo, na Bi Felicitas, ofisa wa serikali anayepitia maombi ya namna hii kabla kliniki haijaruhusiwa kumgusa mtu. Alitueleza taratibu kwamba anayetoa mayai asiwe chini ya himaya ya anayeyapokea, isije ikawa amelazimishwa. Kisha akauliza, "Mama wa binti ni nani?"

"Mimi," akasema Jovina.

Hakukusudia kudanganya. Ndivyo alivyozoea kujibu shuleni, hospitalini na kanisani. Bi Felicitas akaweka kalamu chini, akasema kama ni hivyo, binti yuko chini yake na ombi linaishia hapo.

Kornelio akakohoa. Revelian akanitazama, akitaka niseme mimi. Lakini nilitaka jibu litoke kinywani mwa Jovina mwenyewe.

Alikaa akikunja na kukunjua ncha ya kitenge chake. "Mama yake ni huyu wifi yangu," akasema mwishowe. "Mimi ni shangazi. Nimemlea tu."

Hope akainamisha kichwa akalia. Nilidhani siku nitakayosikia maneno hayo nitafurahi. Nikaona tu kwamba mwanangu anamlilia Jovina, si mimi.

Bi Felicitas akaamua Hope akae kwangu, mbali na Jovina, naye ofisa amhoji akiwa peke yake kabla ya kutoa jibu. Jovina akamleta na begi lake mpaka mlangoni. "Wifi, nakurudishia mali yako," akanitania huku macho yamemvimba. "Usishtuke, anakoroma huyo."

Sikujua kwamba anakoroma.

Nilimpikia ndizi kwa maharage, nikampa chumba cha Stanley, nikamuuliza maswali mengi kuliko yale ya ofisa. Alinijibu yote kwa adabu. Nilimuuliza pia kama kweli anataka. Akasema anataka, na kwamba hata mimi ningeomba angenipa. Nikatamani niwe mgumba.

Jana jioni Bi Felicitas alipiga simu kusema ameridhika, ruhusa imetoka. Hope akanikumbatia, mara ya kwanza bila mimi kuanza. Halafu akatoka kibarazani na simu yake. "Mama, wamekubali," nikamsikia anasema. "Mama, usilie. Dawa umekunywa?"

Nikamwita ndani aje anisaidie kuosha vyombo. Vilikuwa vimeshaoshwa.