Samaki wa Mti Kwenye Beseni la Mama

Juzi nilimkuta bwana yangu amechuchumaa nyuma ya nyumba, mbele ya beseni langu la kuogeshea watoto. Samaki wa mti alikuwa anaelea humo, tumbo juu. Nilichoka hata kabla ya kumsalimia.

Nilipokuwa mtoto, Baba naye alichonga samaki wa namna hiyo, chambo cha kurusha ziwani kutoka ufukwe wa Kasenyi. Alimtoboa tumbo, akayeyusha madini ya risasi kwenye mkebe wa sardini juu ya mbabula ya Mama, jiko lake la makaa, akammiminia ili aruke mbali na aogelee wima. Mti ulilia chwii, ukanuka kuungua. Akamtia majini. Samaki akalala mgongo. Baba akatoboa tena.

“Makala yangu iko inapika samaki ya muti,” Mama alifoka, sufuria ya maharagi mikononi, “na batoto iko na njaa!”

“Ngoja kidogo, mama. Tumbo yake ingali nyepesi.”

Mimi nilielewa vizuri sana: samaki alikuwa anashibishwa, na akishiba atakuwa wa kweli, tumle. Nilikaa na sahani yangu, nikivuta moshi ambao leo najua ni sumu. Alipoogelea wima hatimaye, nilimsogezea Baba sahani. Alicheka mpaka machozi. Mama hakucheka.

“Bado kidogo tu,” bwana yangu aliniambia juzi, bila kuinua macho. Risasi ilikuwa inachemka kwenye mbabula yangu. Kando yake binti yetu alikuwa amekaa, sahani mkononi.

Nilimbeba mtoto kwanza. Halafu nikarudi kuchukua mbabula.