Nyama ya Makatoni

Melkiori alikuja Dar es Salaam kutoka Rombo akiwa kijana, akapata kazi ya kukata nyama katika duka la ushirika kule Mchafukoge. Hakuwa mtu jasiri. Mkewe Agnesi alizoea kumtania kwamba polisi akipiga filimbi mtaa wa pili, yeye husimama. Na mwaka ule wa msako wa wahujumu uchumi hata majasiri walitembea kwa adabu. Mtu alikutwa na katoni za sabuni chini ya kitanda, akaondoka na mgambo, nyumbani wakabaki kuulizana amepelekwa wapi.

Ng'ombe walikuwa hawafiki mjini. Duka likaletewa nyama ya kutoka nje, imegandishwa, ndani ya makatoni yenye maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma. Watu waliipangia foleni huku wakiinung'unikia. Wengine walisema ni nyama iliyochosha mafriza ya Ulaya. Waislamu waliuliza nani alichinja. Lakini walinunua.

Jumamosi moja umeme ulikatika, haukurudi mpaka Jumatatu. Melkiori alipofungua friza asubuhi, maji mekundu yalimwagika mpaka kwenye viatu vyake. Nyama ilikuwa imelegea, pembeni imekuwa ya kijivu. Aliziba pua, akaenda ofisini kwa meneja, Theophil.

"Ndugu meneja, mzigo umeharibika."

"Umeharibika au umeyeyuka?"

"Unanuka."

Theophil alifunga mlango. "Nikisema tumetupa nyama ya umma, wataniuliza nimemuuzia nani kwa magendo. Utakwenda kujibu wewe?"

Melkiori alitazama viatu vyake vilivyolowa.

"Basi ioshe kwa chumvi. Fungua dirisha, uza."

Akaosha.

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Bi Zamzam, mjane wa Jangwani aliyelea wajukuu wawili.

"Shikamoo, Bi Zamzam."

"Marahaba, mwanangu. Leo nimewahi. Watoto wamesahau nyama inafananaje." Akainusa nyama aliyopimiwa. "Mbona ina harufu?"

"Ndivyo zilivyo hizi za barafu, bibi."

Maneno yalimtoka mwenyewe, laini kabisa. Bi Zamzam akacheka, akaitia nyama kikapuni, akaenda zake.

Wa pili alikuwa Seifu, msukuma mkokoteni wa Kariakoo. Melkiori aliweka pande kwenye mizani, harufu ikampanda tena, na safari hii aliona akilini sufuria ya Bi Zamzam na watoto wameizunguka. Akaweka kisu chini.

"Jamani, nyama imeoza. Siuzi."

Alidhani watamshukuru.

"Imeoza?" Seifu alipaza sauti. "Yule bibi kaondoka na nini?"

"Anawafichia wakubwa!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma.

"Mhujumu huyo! Mshikeni!"

Foleni ilivunjika, watu wakaja juu ya kaunta. Theophil alitoka ofisini, akaangalia umati, akasema, "Mimi sikumwambia asiuze." Mgambo walimtoa Melkiori wamemkamata kiunoni kwa suruali.

Kituoni alikalishwa sakafuni. Aliogopa jela, aliogopa kipigo, lakini hofu kubwa zaidi ilikuwa ya Jangwani, kwa Bi Zamzam.

"Afande, kuna bibi mmoja ameshainunua. Mtume mtu akamwambie asipike."

"Kaa kimya."

Alisema tena. Akapigwa kofi. Akakaa kimya, na kila dakika aliyokaa alijua mkaa unakolea.

Alasiri bwana afya aliyetumwa kukagua duka alifika kituoni, leso puani, akasema makatoni yote yachomwe. Melkiori akaambiwa aende nyumbani. Hakuna aliyemwomba radhi, naye hakungoja. Alikimbia hadi Jangwani bila kupumzika. Mlango wa Bi Zamzam ulikuwa wazi, sufuria imelambwa, uani kuna matapishi yaliyofukiwa kwa majivu.

"Wamepelekwa hospitali," jirani alimwambia. "Mdogo alikuwa hata hasimami."

Aliwakuta kwenye korido, kwenye mkeka. Mjukuu mkubwa alikuwa amelala. Mdogo, Mbaruku, alikuwa ametundikiwa maji, midomo imekauka. Bi Zamzam aliinua kichwa kwa shida.

"Nilikuuliza, Melkiori."

"Uliniuliza, bibi."

"Ukanijibu."

Alichuchumaa ukutani akitazama kifua cha mtoto, kikichelewa kupanda naye akiacha kupumua. Agnesi alipomfuata na chai, hakuweza kuimeza. Kesho yake asubuhi Mbaruku alifungua macho, akaomba maji. Melkiori akatoka nje, akalia.

Wote watatu walipona. Theophil alihamishiwa duka jingine. Melkiori aliitwa arudi kwenye kaunta, akarudi, maana hakuwa na kazi nyingine. Kuanzia hapo alinusa kila pande kabla ya kulikata, hata watu wakamcheka. Bi Zamzam aliendelea kuja kuchukua unga na sabuni yake. Alimsalimia kwa heshima, ila alisubiri mpaka muuzaji mwingine amhudumie. Nyama hakununua tena.