Mama Meno na uvimbe chini ya jicho

Mbwa amelala ubavu juu ya meza ya bati, ulimi umevutwa nje, mpira wa kupitishia hewa umeingia kooni. Mwanamke mwenye koti la kijani ameweka kiganja cha kushoto juu ya mbavu zake, na hakiondoi. Ukutani kuna mashine inayolia kila moyo unapopiga, lakini yeye hana habari nayo.

"Umeme ukikatika, mashine inanyamaza," anasema bila kuinua kichwa. "Huyu je, anapumua au hapumui? Nani atajua?"

Ni muuguzi wa wanyama katika kliniki ndogo iliyobanwa kati ya duka la simu na duka la mikate. Wateja wamembandika jina la Mama Meno, kwa sababu hakuna mnyama anayepita mikononi mwake bila kufunuliwa mdomo. Aje na kupe, aje na kikohozi, mdomo lazima ufunuliwe.

"Katika wanyama kumi tunaoletewa, hata mmoja hajaletwa kwa ajili ya meno," anasema. "Ukiwafunua, saba wameoza."

Watu humcheka. Wiki iliyopita dereva mmoja wa teksi, akiwa amempakata paka wake, alimwambia, "Dada, mimi mwenyewe sijawahi kukanyaga kwa daktari wa meno. Leo nimlete paka?"

"Basi fungua na wewe nikuone," akamjibu. Dereva akafumba mdomo mpaka alipoondoka.

Mbwa aliye mezani leo anaitwa Kifungo. Mwenye mbwa ni mzee mmoja mshonaji, amekaa kwenye benchi nyuma ya mlango wa kioo, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni. Kwa wiki kadhaa alikuwa akimtia Kifungo dawa ya macho. Chini ya jicho la kulia palivimba, pakapasuka, pakakauka, kisha pakavimba tena. Majirani walisema ni jicho. Muuza dawa naye akasema ni jicho.

Asubuhi mzee aliingia akiwa ameshaamua. "Likishindikana, ling'oeni. Na kama hata hivyo hatapona, basi mlazeni moja kwa moja. Sitaki ateseke."

Mama Meno hakuligusa jicho. Alichukua biskuti kavu ya mbwa, akachuchumaa, akampa. Kifungo aliipokea, akainamisha kichwa, akatafuna kwa upande wa kushoto tu, huku makombo yakimdondoka kulia.

"Baba, anatafuna upande mmoja tangu lini?"

"Mwanangu, mimi nashona. Nitazame na mbwa anavyotafuna?"

"Mifupa unampa?"

"Kila siku! Ile migumu kabisa. Si inasafisha meno?"

"Migumu hivyo inayavunja, baba."

Akamfunua mdomo taratibu. Gego kubwa la juu lilikuwa limepasuka, kipande kizima hakipo. Mizizi ya gego hilo hupanda hadi karibu na jicho. Usaha ulipokosa njia ya kushukia, ukajitobolea tundu shavuni. Jicho lenyewe lilikuwa zima kabisa.

Daktari wa kliniki aliitwa, akaangalia, akakubali. Kisha akaweka kipima moyo kifuani, akakaa nacho muda mrefu kuliko kawaida. Kifungo ni mzee, na moyo wake unavuma, dalili ya ugonjwa. Dawa ya usingizi ingeweza kumlaza asiamke.

"Nikisema hapana?" mzee aliuliza, akiuzungusha utepe vidoleni.

"Ataendelea kuumwa kimya kimya. Mbwa halii jino, baba. Anakula huku anaumwa."

"Na nikisema ndiyo?"

"Anaweza asiamke. Siwezi kukudanganya. Ila mkono wangu hautatoka juu yake."

Mzee akauachia utepe. "Haya. Ukiutoa nitajua."

"Utajuaje, na mlango umefungwa?"

"Nimeshona maisha yangu yote. Kazi ya mtu aliyeharakisha naijua."

Sasa daktari anakwangua ugaga wa meno kwa ncha inayotetemeka na kurusha maji. Maganda ya kahawia yanabanduka kama rangi ya ukuta mkuukuu. Kisha anakata gego vipande vitatu, kwa kuwa mizizi yake ni mitatu na kila mmoja hutoka kivyake. Wa kwanza unatoka. Wa pili unatoka. Wa tatu unakatikia ndani.

Kliniki haina mashine ya kupiga picha za eksirei za meno. Daktari anapapasa shimoni kwa ncha ya chuma.

"Dokta, pumzi inapungua."

"Kimebaki kipande kidogo tu, dada."

"Dokta, acha."

Daktari anaacha. Dawa ya usingizi inapunguzwa, hewa inaongezwa. Chini ya kiganja mbavu zinapanda kwa shida, zinakawia, zinapanda tena. Halafu zinashika mwendo. Mama Meno anatikisa kichwa kukubali, na daktari anarudi shimoni mpaka anachomoa kipande kidogo kama punje ya mchele.

Kifungo anapoanza kuzinduka na kumeza mate, mpira unatolewa. Mzee anaitwa ndani. Anainama, anamsogezea mkono puani.

"Mbona ananinusa kama mgeni?"

"Bado kalewa, baba. Mpe nafasi."

Mkia unapiga bati mara moja, kisha tena. Mzee anageuka upande wa dirisha, anajifuta uso kwa utepe wa kupimia.

Mama Meno anataka mashine ya picha za meno. Ameshaondoa kabati moja ili ipate pa kukaa, na jioni anajifunza kuzisoma picha hizo kwenye simu. Binti yake humtania, "Mama, unatazama mataya ya mbwa kama watu wanavyotazama picha za harusi!"

Yeye hacheki sana.

"Leo tumekitafuta kile kipande kwa kupapasa, na moyo ukatungoja," anasema, akinawa mikono. "Nataka siku tukikutana na moyo usiongoja, tuwe tunaona."