Pijo la Kumpeleka Khulud

Bahiya wa Tandika ana pua, na pua hiyo ndiyo iliyosomesha watoto wake. Anatengeneza udi. Wanawake wa Temeke wanajua kwamba udi wa Bi Bahiya ukifukizwa leo, mapazia yatanukia mpaka wiki ijayo. Usijaribu kumpelekea marashi yaliyochakachuliwa ukadhani atakuonea haya. Atakurudishia chupa yako mbele za watu.

Kitu kimoja tu kilimshinda: gari la mumewe. Hilal, muuza misumari na rangi, ana Pijo jeupe la zamani analolipenda kupita kiasi. Pijo hilo ndilo lililomtoa Bahiya kwao akiwa bibi harusi, ndilo lililowaleta watoto wote kutoka hospitali, na Hilal alishaapa kwamba Khulud, kitinda mimba wao, atatoka nyumbani ndani ya hilo hilo. Ila lilinuka petroli, na udi wake ulisafirishwa humo, mpaka wateja wakaanza kuulizia udi wao umehifadhiwa wapi. Bahiya alisema, akasema tena, mwisho akanuna.

Sasa harusi ni Jumamosi, na Pijo limeanza vituko. Ukiliwasha linawaka mara moja, linaunguruma vizuri, linakwenda mpaka karibu na Mtoni, halafu linakohoa na kuzima. Liache lipumzike, linawaka tena kama halijafanya kosa lolote. Godlisten, fundi wa mtaani ambaye Hilal anamwamini kuliko ndugu zake, alikuwa ameshabadilisha plagi na platini, akasafisha kabureta, akafunga pampu nyingine ya mafuta. Likazima pale pale. Vijana wa bodaboda wakapabatiza mahali hapo Kituo cha Hilal.

"Dada, mie nimeshaongea na mwenye Noah," alisema Mazin, mdogo wake Bahiya, siku ya Alhamisi. "Nyie mnataka bibi harusi ashuke asukume gari na hina mikononi?"

Hilal alikaa kibarazani akizungusha ufunguo kidoleni, na Bahiya alipomtazama moyo ulimuuma. Mume wake hakuwa mtu wa kuomba makubwa. Akaapa kimoyomoyo kwamba mwanawe hatapelekwa Kimara kwa mumewe na Noah ya kukodi.

Akaingia jikoni kumwandalia chai fundi, aliyekuwa nje akilikagua Pijo tena. Alitoboa kopo la maziwa tundu moja, akainamisha. Maziwa yakatiririka kidogo, yakawa matone, yakakata. Akatoboa tundu la pili upande wa pili, kama afanyavyo siku zote, na maziwa yakamiminika bila shida. Bahiya akabaki ameshika kisu. Halafu akatoka mbio, chai kaiacha jikoni.

"Godlisten! Petroli ikitoka kwenye tangi, hewa inaingilia wapi?"

"Kwenye mfuniko, mama. Kuna katundu kadogo..." Fundi akajishika kichwa. "Mie huo mfuniko hata sijaugusa."

"Basi twendeni tukalizimishe."

Wakaingia wote wanne, Mazin akiguna. Walipokaribia Mtoni Pijo likakohoa, likazima. Vijana wa bodaboda wakaanza kucheka. Bahiya alishuka hivyo hivyo na buibui lake, akazunguka nyuma, akafungua mfuniko wa tangi. Fyuuu! Hewa ikafyonzwa ndani.

"Washa!"

Hilal akawasha, Pijo likanguruma papo hapo. Bahiya akapiga vigelegele katikati ya barabara, mama mzima, na bodaboda zote zikamjibu kwa honi.

Ndipo alipougeuza mfuniko. Ndani yake kulikuwa na duara la mpira, limekatwa kwa mkasi, limeziba kale katundu. Lilikuwa jekundu, na wekundu huo aliujua vizuri. Ilikuwa kandambili yake ya kuogea, ile iliyopotea akagombana na jirani yake Anna, akimsingizia mbwa wa Anna asiye na hatia kwamba ameiiba.

"Baba Khulud!"

Hilal alijikuna kidevu. "Si ulisema petroli inaharibu udi wako? Nikaona nizibe harufu isitoke. Nilikuwa nasubiri uniambie mwenyewe kwamba hainuki tena."

Bahiya alicheka mpaka akaegemea gari, machozi yakimtoka, na hakujua kama yote yalikuwa ya kicheko.

"Tatizo limeisha, mama," alisema Godlisten akiutupa mpira. "Ila harufu itarudi."

"Irudi."

Jumamosi Pijo lilifungwa maua, likapanda mpaka Kimara bila kukohoa hata mara moja. Mazin aliwafuata na Noah tupu, kwa tahadhari, na foleni ikamwacha mbali huko nyuma. Bahiya alikaa pembeni ya Khulud, ambaye nguo zake zilikuwa zimefukizwa udi bora kuliko wote aliowahi kutengeneza. Taratibu petroli ikaanza kunukia, ikachanganyika na udi. Khulud akanyoosha mkono kushusha kioo, mama yake akaushika.

"Acha, mwanangu. Mie siku ile nilinukia hivi hivi."