Mawese kwenye kadre ya mulango

Wakati wa vita, njia ya Bujumbura ilikuwa inafungwa ovyo, na skochi ya kubandika kwenye mbao ili rangi isipite haikuwa inafika Rumonge. Rangi yenyewe ilitoka Congo kwa mutumbwi. Wapaka rangi wengine walilalamika. Tantine, mudogo wa mama yangu, hakulalamika. Yeye alikuwa anakata mupaka wa ukuta na mbao kwa mukono tu, na ukitafuta mahali mukono ulitetemeka, utachoka wewe.

Baba mumoja muuza mawese alikuwa anaozesha binti yake, akatupa kazi ya sebule, Tantine apake na mimi nimusaidie. "Vita haikuniomba ruhusa, na mimi siiombi," alisema. Kisha akamugeukia Tantine: "Mama, nikiona rangi ya ukuta kwenye kadre, hizi mbao za mulango wangu, vyumba vinavyobaki nawapa wapaka rangi wanaume wa Nyanza-Lac."

Sisi tulikuwa tunakula kwa hiyo kazi, pamoja na ndugu zetu waliokimbia vita toka milimani.

Damu ikanipanda. Tantine alipoenda kuswali adhuhuri, nikachukua mawese ya huyo baba mwenyewe, nikapaka kadre yote, ju rangi haishiki kwenye mafuta. Nani alinifundisha? Hakuna mutu. Kichwa changu. Nikapaka ukuta haraka haraka. Kweli, mbao ilibaki safi. Lakini ukuta ulikunywa mafuta, ukatoa mustari wa rangi ya machungwa toka chini mpaka juu.

Tantine na mwenye nyumba wakaingia pamoja.

"Hii ni nini?" baba akauliza.

"Ni mimi," Tantine akajibu, viatu hajavua. "Nipe mpaka magaribi."

Nikafungua mudomo. Akanikanyaga kidole.

Baba alipotoka, Tantine akakwangua ile sehemu yenye mafuta kwa kisu, akaziba na chokaa, akasogeza mbabura yenye makaa ya moto ili pakauke. Kadre akaisugua na majivu na sabuni. Kisha akashika pinso, akaichovya kwenye rangi. Aliianzia mbali kidogo na mbao, akaisukuma mpaka nywele zikafunguka, ndipo akashuka nayo. Macho yake hayakuwa kwenye pinso, yalikuwa mbele, pale anapoenda. Mimi nikasogea nione vizuri.

Magaribi baba akapitisha ukucha kwenye mupaka wote. Akautazama ukucha.

"Kesho muanze chumba cha bibi arusi."

Njiani nikamuuliza Tantine kwa nini hakuniacha niseme ukweli.

"Ungesema, halafu ungegombana naye, na kazi ingeenda. Nakujua." Akanipa pinso niibebe. "Mawese ni ya maharagi, mwanangu. Kesho kadre utakata wewe. Kwa mukono."