Salamu za Bi Mwanahawa redioni

Jamani, leo sauti yangu imeingia kwenye mashine ya redio, na natamani isingeingia.

Gari la redio lilitoka Dar es Salaam likaja hapa Msimbu kunasa salamu za wanakijiji. Fundi akasema utepe umebaki mdogo, kila mtu aseme maneno machache.

Nani wa kufungua kama si mimi? Nyie mnanijua.

Salamu zangu zikazaa habari ya simba niliyemkimbiza Magindu kwa mwiko wa ugali. (Walikuwa wawili, ila sikutaka makuu.) Watu wanacheka, nami nanogewa.

Utepe ukaisha.

Nyuma yangu alikuwa Bi Mwanahawa, kavaa kanga mpya. Alitaka neno moja tu limfikie mwanawe Shomari, anayekata mkonge Tanga: baba yako hawezi, rudi umwone.

Fundi akafunga mashine, gari likaondoka.

Mama wa watu akaniuliza taratibu, "Mwanangu, katika maneno yako yote yale, Shomari umemtaja?"

Mdomo huu, jamani.

"Nimemtaja, mama. Wa kwanza kabisa."

Jioni hii kaniletea jogoo wa shukrani. Nimemfunga mlangoni, kisu sithubutu kukishika.

Sasa nipande basi kesho nikamtafute Shomari huko Tanga, au nianze kwa kumwambia mama yake ukweli? Semeni upesi. Mzee kashaambiwa mtoto yuko njiani, na ameomba anyolewe ndevu.